Ziwa Hylia limehamaje? Ramani za Hyrule na makosa ya wanaozipima

Fungua ramani ya A Link to the Past, gemu ya mfululizo wa The Legend of Zelda ya mwaka 1991, utalikuta Ziwa Hylia kwenye kona ya kusini-mashariki. Fungua ya Ocarina of Time, iliyotoka 1998, ziwa hilo hilo liko kusini-magharibi. Kakariko, kijiji kilichokuwa magharibi mwa kasri, kimevuka kwenda mashariki na kukaa chini ya Death Mountain. Ukifika Breath of the Wild ya 2017, Kakariko kimeuacha mlima kabisa na kujificha kati ya majabali ya Necluda. Na bado tunaambiwa nchi ni moja: Hyrule.

Mashabiki wa The Legend of Zelda wamelihangaikia jambo hili tangu enzi za TV za chogo. Wako wanaosema tetemeko liliipasua nchi. Wako wanaosema miungu iliifumua na kuifuma upya. Wengine wanataja mito iliyoacha njia zake, volkano moja ikazimika na nyingine ikawaka. Nadharia nyingi kati ya hizo ni tamu kusikiliza, lakini zimeanzia mahali pabaya: zinatafuta nguvu iliyohamisha mlima kabla ya kuthibitisha kwamba mlima umehama.

Kinachohama kinaweza kuwa kimoja kati ya vitatu. Ramani inaweza kubadilika huku ardhi imetulia. Jina linaweza kuondoka na watu, mlima na mto vikabaki pale pale. Na ardhi yenyewe inaweza kubadilika kweli. Ushahidi wa moja haufai kuthibitisha nyingine, na karibu kila mabishano marefu kuhusu Hyrule yanatokana na kuvichanganya hivi vitatu. Msomaji wa Mbeya, Iringa au Tukuyu anaweza kulielewa hili haraka, kwa sababu nyumbani kwake yote matatu yametokea na alama zake zinaonekana kwa macho.

Panga matawi kabla ya kupanga ramani

Hili ni fupi lakini halirukwi. Mwaka 2011 Nintendo ilitoa kitabu rasmi, Hyrule Historia, kilichopanga gemu za mfululizo huu kwa wakati wa hadithi badala ya mwaka wa kutolewa. Skyward Sword ndiyo ya mwanzo kabisa. Baada ya Ocarina of Time wakati unagawanyika matawi matatu. Katika tawi ambalo shujaa alishindwa kuna A Link to the Past, A Link Between Worlds (iliyoongezwa baada ya kitabu hicho) na gemu mbili za mwanzo za miaka ya 1986 na 1987. Katika tawi ambalo alirudishwa utotoni kuna Majora's Mask na Twilight Princess. Katika tawi la dunia aliyoiacha akiwa mtu mzima kuna The Wind Waker, Phantom Hourglass na Spirit Tracks.

Kwa hiyo huwezi kuuliza gharika ya The Wind Waker iliufanyia nini mlima wa A Link to the Past. Gharika ile haikutokea katika tawi hilo. Ukilinganisha ramani, linganisha mzazi na mtoto wa tawi moja: Ocarina of Time na Twilight Princess, Ocarina of Time na The Wind Waker, Ocarina of Time na A Link to the Past. Ndugu wa matawi tofauti wanafanana kwa sababu ya mzazi wao tu.

Ramani iliyohama peke yake

Gemu ya kwanza ina skrini 128 za nchi: 16 kwa upana na 8 kwa kwenda chini. Death Mountain iko juu, kaskazini. Mwaka mmoja baadaye ikaja Zelda II, na humo Death Mountain iko kusini mwa bara la magharibi. Kwa mtazamo wa haraka, mlima umeruka kutoka juu hadi chini. Ukitulia utaona kwamba ramani ya pili ni pana zaidi, na kwamba Hyrule yote ya gemu ya kwanza inaweza kuwa kile kipande kidogo kilichobanwa chini ya mlima. Mtu wa Tukuyu akitaka kuuona Mlima Rungwe anageukia kaskazini. Wa Mbeya mjini anageukia kusini-mashariki. Mlima ni ule ule mmoja, wa takriban mita 2,960. Kilichobadilika ni mahali pa mtazamaji na ukubwa wa karatasi yake.

Mfano wa pili umewapoteza watu wengi zaidi. Twilight Princess ilitoka mwishoni mwa 2006 kwa mashine mbili, Wii na GameCube. Ilitengenezwa kwanza kwa GameCube, na Link, shujaa wa mfululizo huu, alikuwa anashika upanga kwa mkono wa kushoto kama ilivyokuwa desturi yake. Kwenye Wii mchezaji anazungusha kidhibiti kwa mkono wake, na wengi hutumia mkono wa kulia. Badala ya kumchora Link upya, Nintendo iligeuza dunia nzima kama taswira ya kwenye kioo. Mashariki ikawa magharibi, na hata jua likachomoza upande usio wake. Aliyecheza Wii peke yake anakwambia kwa nia njema kabisa kwamba jangwa la Gerudo lilihamia mashariki. Halikuhama. Chukua ramani ya GameCube, au ya toleo la Wii U la 2016 katika hali ya kawaida, uiweke kando ya Ocarina of Time: jangwa liko magharibi, ziwa liko magharibi, Death Mountain na Kakariko viko mashariki, msitu uko kusini. Hizi ndizo ramani mbili za mzazi na mtoto zinazokubaliana vizuri, na nadharia kadhaa za matetemeko zingekufa siku ile ile kama waandishi wake wangeanza na toleo sahihi.

Kuna kosa la tatu, la tafsiri, na hili linastahili kujulikana zaidi. Katika A Link to the Past mlima wa kaskazini unaitwa Death Mountain kwa Kiingereza. Kwa Kijapani, lugha ambayo gemu iliandikwa, mlima wa dunia ya nuru unaitwa Hebra, na Death Mountain ni jina la mlima unaolingana nao katika dunia ya giza. Tafsiri ya Kiingereza iliyapa majina yote mawili neno moja. Sasa tazama Breath of the Wild: Death Mountain iko kaskazini-mashariki, kama Ocarina of Time, na Hebra ni safu ya milima ya theluji kaskazini-magharibi. Swali la miaka mingi, kwamba Death Mountain ilifikaje kaskazini kabisa mwaka 1991 na kurudi mashariki baadaye, linapoteza nusu ya uzito wake. Huenda tangu mwanzo ilikuwa milima miwili. Anayejenga nadharia juu ya jina la mahali, alitafute kwanza jina hilo katika lugha ya asili.

Jina huondoka na watu

Mji wa Iringa umepata jina kutokana na neno la Kihehe, lilinga, yaani ngome. Ngome yenyewe ilikuwa Kalenga, makao ya Mkwawa, kilomita kama 15 kutoka mji wa leo. Wajerumani waliibomoa mwaka 1894, wakajenga kituo chao juu ya kilima ambako mji upo sasa, na jina likaenda huko. Jambo la namna hiyo lilitokea upande wa Rungwe: Langenburg kilikuwa kituo cha Wajerumani Lumbila, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Makao yalipohamishiwa Tukuyu, jina likapanda mlima pamoja na maofisa, likawa Langenburg Mpya. Mtu mwenye ramani mbili za wakati ule na asiyejua historia angeweza kusema mji umetoka ufukweni ukapaa hadi penye migomba. Ardhi haikutikisika hata kidogo.

Kakariko ni hivyo hivyo. Katika Ocarina of Time kijiji hiki kilikuwa cha Sheikah, watu wa kivuli wanaoilinda familia ya kifalme, kabla ya Impa, Msheikah mwenzao, kukifungua kwa maskini. Katika Twilight Princess kuna Kakariko ya vumbi ndani ya bonde la Eldin, na mbali na hapo kuna kijiji kilichofichwa, kisicho na watu ila bibi mmoja na paka wengi. Penye lango la kijiji hicho kuna kibao cha maandishi ya Kihylia. Mashabiki waliokisoma herufi kwa herufi walikuta kinamkaribisha mgeni Kakariko ya zamani. Huo ni ushahidi wa ndani ya gemu, uliowekwa na waundaji wenyewe, kwamba jina lilitoka mahali pamoja likaenda pengine. Ukifika Breath of the Wild, Kakariko iko mbali na volkano, lakini wakazi wake ni Sheikah na mzee wao ni Impa. Mlima uliachwa, watu ndio waliolibeba jina.

Hapo ndipo unapoona kanuni inayosaidia kuliko zote: usifuate pande za dira, fuata uhusiano. Ziwa Hylia katika gemu nyingi linapokea maji yanayoshuka kutoka kwa Wazora, watu wa majini, popote lilipo. Upanga Mkuu (Master Sword), silaha ya Link, unafichwa msituni katika A Link to the Past, katika Twilight Princess na katika Breath of the Wild, ingawa msitu unabadilisha kona. Kinachodumu Hyrule ni nani anaishi na nani, maji ya nani yanaishia wapi, na kitu gani kinalindwa na msitu. Pande nne za dunia ndizo zinazobadilika kirahisi zaidi.

Ardhi ikibadilika kweli, inaacha alama

Baada ya kuondoa ramani zilizogeuzwa na majina yaliyohama, yanabaki mabadiliko machache ya kweli. Yaliyo wazi zaidi ni ya maji.

Anza na mabadiliko madogo, kwa sababu ndiyo yanayofundisha. Katika Ocarina of Time Link analala miaka 7, akiamka Ziwa Hylia limekauka na makao ya Wazora yameganda barafu. Katika Twilight Princess maji ya ziwa yameshuka sana, na sababu inaonyeshwa bila maelezo mengi: juu, kwa Wazora, kila kitu kimeganda. Link anapeleka jiwe la moto kutoka Death Mountain, barafu inayeyuka, ziwa linajaa. Ziwa lenyewe halikuwa na tatizo lolote. Tatizo lilikuwa chanzo. Watu wa Usangu na Pawaga hawahitaji kuelezwa hili. Ruaha Mkuu, mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi kuanzia 1993, na chanzo cha hali hiyo kinatafutwa juu, kwenye mashamba ya umwagiliaji na bonde oevu la Ihefu. Kwa hiyo ukikuta ziwa la Hyrule limepungua, panda na mto kwanza. Usikimbilie kusema ni umri wa dunia.

Kisha kuna gharika. The Wind Waker ya 2002 inasema wazi kwamba miungu iliizamisha Hyrule, na visiwa vya Bahari Kuu ni vilele vya milima ya zamani. Bahari hiyo imegawanywa miraba 49, saba kwa saba, jambo linalorahisisha kupima. Dragon Roost, kisiwa chenye moto, kiko kaskazini-mashariki. Forest Haven, anapokaa Mti Mkuu wa Deku, iko kusini-mashariki. Katika Ocarina of Time Death Mountain iko kaskazini-mashariki na msitu wa Kokiri, wenye mti wa jina hilo hilo, uko kusini-mashariki. Ulinganifu huu wa alama mbili unavutia, na mashabiki wengi wanasimama hapo na kutangaza ushindi. Baadaye katika makala haya utaona kwa nini alama mbili hazitoshi.

Hoja inayopendwa zaidi ni ya chumvi. Katika Breath of the Wild ukivunja miamba yenye madini unapata chumvi ya mawe, na maelezo yake yanasema ni chumvi iliyoganda ya bahari ya kale. Wengi wanahitimisha: basi gharika ya The Wind Waker ilipita hapa, na gemu hii iko kwenye tawi lile. Hitimisho hilo lina haraka. Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, watu walichemsha chumvi tangu zama za chuma, na bahari haijafika huko. Chumvi yao inatoka kwenye chemchemi za bonde la ufa, mahali ambapo maji yanaingia na hayana pa kutokea isipokuwa angani kama mvuke. Ziwa Rukwa lenyewe halina mto unaotoka. Zamani lilijaa mno kuliko leo hata likafurikia upande wa Tanganyika, kisha likarudi nyuma, na mistari ya fukwe zake za zamani ikabaki juu ya miteremko.

Utasema maelezo ya gemu yametaja bahari kwa jina, hayakusema ziwa. Ni kweli, na tuyakubali. Lakini ni bahari ipi? Skyward Sword, gemu ya mwanzo kabisa katika hadithi, ina jangwa la Lanayru lililokuwa bahari. Ukipiga mawe ya wakati yaliyomo humo, mchanga unageuka maji na meli inaelea palipokuwa pakavu. Bahari hiyo ilikauka kabla wakati haujagawanyika matawi, kwa hiyo chumvi yake ingekuwamo katika matawi yote matatu. Chumvi inathibitisha kwamba palikuwa na bahari. Kuchagua tawi ni kazi isiyoiweza. Na zingatia kwamba jina Lanayru, lililokuwa la jangwa, katika Twilight Princess ni la jimbo la maji, lenye Ziwa Hylia na makao ya Wazora. Je, ni ardhi iliyobadilika au ni jina lililohama? Hapa tunaona yote mawili yanawezekana, na asiyetenganisha mambo haya hawezi hata kuliuliza swali.

Hoja ya tatu ni mifupa. Breath of the Wild ina mifupa mitatu mikubwa ya viumbe mfano wa nyangumi: mmoja jangwani Gerudo, mmoja kwenye theluji ya Hebra, mmoja karibu na moto wa Eldin. Kuna ndugu watatu wanaoichunguza, na kila mmoja ana sababu yake ya kufa kwa viumbe hao: ukame, barafu, au mlipuko wa volkano. Waundaji wametega somo zuri hapa. Kila sababu imetokana na hali ya leo ya mahali mfupa ulipolala. Sasa nenda Isimila, kilomita kama 20 kutoka Iringa mjini. Leo ni korongo kavu lenye nguzo za mchanga zilizochongwa na mvua. Ndani ya tabaka zake kumepatikana zana za mawe pamoja na mifupa ya kiboko. Anayetazama korongo lile na kusema kiboko alikufa kwa ukame atakuwa amekosea, kwa kuwa tabaka lenyewe ni la matope ya bwawa: mnyama alikuwa nyumbani kwake. Ukavu ulikuja baadaye sana, na mmomonyoko ukafunua kilichofukiwa. Mfupa unaeleza mahali palivyokuwa mnyama alipolala. Kwa nini nyangumi watatu walale pembe tatu za Hyrule? Jibu rahisi kuliko yote matatu ya wale ndugu ni kwamba pembe zote tatu ziliwahi kuwa chini ya maji.

Volkano tuipitie haraka. Death Mountain katika Breath of the Wild inawaka. Katika Tears of the Kingdom ya 2023, baada ya miaka michache tu ya hadithi, lava imezimika. Kiejo, kusini mwa Rungwe, ilimwaga lava yapata mwaka 1800 na leo mteremko wake ni wa mashamba. Ukimya wa volkano ni jambo la kawaida na hauhitaji nadharia. Kuhama kwa volkano kutoka upande mmoja wa nchi hadi mwingine ndiko kunakohitaji, na hakuna gemu inayokuonyesha hilo likitokea.

Mito ndiyo inayohama kweli. Songwe, mpakani na Malawi, katika uwanda wa Kyela imebadilisha njia mara nyingi, na shamba linaweza kuamka ng'ambo ya mto bila kusogea. Kwa hiyo katika ramani za Hyrule mpe mto uzito mdogo kuliko mlima. Nadharia inayosimama juu ya pindo la mto imesimama juu ya mchanga.

Hekalu la Wakati, fundo gumu

Katika Ocarina of Time hekalu hili liko mjini, pembeni mwa kasri. Katika Twilight Princess, tawi la moja kwa moja, magofu yake yako ndani ya msitu. Katika Breath of the Wild liko juu ya Nyanda Kuu, kusini-magharibi mwa kasri, na Tears of the Kingdom inaweka Hekalu la Wakati jingine juu ya kisiwa cha angani.

Njia za kulifungua fundo hili ni mbili. Ya kwanza: hekalu halijahama, kasri ndilo lilijengwa upya pengine, na msitu ukameza mji wa zamani. Ya pili: "Hekalu la Wakati" ni jina la kazi, kama "boma" kwetu, na linapewa jengo lolote linalofanya kazi hiyo. Kwa Twilight Princess tunaegemea ya kwanza. Gemu hiyo inakufungulia mlango wa kuingia katika wakati uliopita, na ndani unaliona hekalu likiwa zima mahali pale pale penye magofu, kwa hiyo jengo ni moja na mahali ni pamoja. Mawe ya hekalu hayabebwi kirahisi. Kasri la mfalme, lenye pesa na vibarua, linajengwa upya kila ukoo unapobadilika. Kwa gemu mbili za mwisho tunaegemea ya pili, kwa kuwa mahekalu mawili yenye jina moja yamo ndani ya gemu moja, moja chini na moja juu, na hakuna hesabu ya ardhi inayoweza kuyafanya yawe jengo moja.

Hapa ndipo hoja ya "waundaji walichora tu wanavyotaka" husikika. Ni kweli kwamba Nintendo huanza na uchezaji, hadithi ikafuata. Lakini tazama A Link Between Worlds ya 2013: imewekwa muda mrefu baada ya A Link to the Past na ramani yake ni karibu ile ile, mlima, ziwa, jangwa na kijiji vikiwa palepale. Waundaji wanajua kuituliza ardhi wanapotaka. Basi pale walipoibadilisha na kuacha ushahidi, kama kibao cha Kakariko au meli za Lanayru, ushahidi huo unastahili kusomwa.

Namna ya kupima mwenyewe

Unahitaji picha mbili za ramani nzima, programu yoyote ya picha inayoruhusu kuweka picha moja juu ya nyingine na kuififisha kwa asilimia 50 ili ya chini ionekane, na daftari. Hakikisha kwanza kwamba kaskazini iko juu katika zote mbili na kwamba Twilight Princess uliyonayo si ya Wii. Kama ni ya Wii, igeuze kushoto kulia kabla ya kitu kingine.

Chagua bikoni, kama afanyavyo mpima viwanja. Bikoni nzuri ni kitu kisichohama kirahisi: kilele cha volkano, jabali lenye umbo la pekee, mwisho wa safu ya milima. Ziwa ni bikoni ya daraja la pili. Mto, msitu na kijiji si bikoni. Kasri pia si bikoni, ingawa karibu kila mtu huanza nalo.

Kisha kuna hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Ukiruhusu ramani ya pili kusogezwa, kuzungushwa na kukuzwa, alama mbili zitakubaliana daima, hata ukitumia ramani ya Hyrule na ya wilaya ya Mufindi. Ukiruhusu pia kunyoosha upande mmoja na kulalisha, alama tatu zisizo kwenye mstari mmoja zitakubaliana daima. Kwa hiyo katika hali ya kwanza alama ya tatu ndiyo mtihani wa kwanza, na katika hali ya pili ni alama ya nne. Dragon Roost na Forest Haven ni alama mbili. Hazijathibitisha chochote hadi uongeze ya tatu, kwa mfano mnara wa miungu unaofungua njia ya kwenda kasri lililozama, na uone inaangukia wapi. Ikikosea kwa zaidi ya mraba mmoja kati ya 49, andika kwamba imekosea. Usibadilishe bikoni ili ikubali. Hapo ndipo nadharia nyingi huharibika.

Umbali nao una mtego wake. Katika Breath of the Wild sekunde moja halisi ni dakika moja ya mchezo, na siku nzima ni dakika 24. Ukitembea dakika 5 halisi kutoka zizi hadi kijijini, ndani ya hadithi umetembea saa 5. Kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa hiyo ni kilomita 20, sawa na kutoka Iringa mjini hadi Isimila. Ramani imefinywa sana, na vitu vinavyoonekana majirani huenda ni mwendo wa nusu siku. Ndiyo maana "kijiji kimesogea kidogo" kwenye karatasi kunaweza kuwa uhamisho wa mji mzima, na ndiyo maana umbali usilinganishwe kati ya gemu mbili kwa hatua za miguu. Linganisha uwiano: umbali wa mlima hadi ziwa, ugawe kwa umbali wa mlima hadi jangwa, ufanye hivyo kwa ramani zote mbili.

Kama una Tears of the Kingdom, kuna jaribio bora la kuanzia, kwa sababu gemu inakuonyesha namba tatu za mahali ulipo, ya tatu ikiwa kimo. Simama juu ya kilima, andika namba zote. Shuka Vilindini (The Depths), dunia iliyo chini ya ardhi ya Hyrule, kupitia shimo lililo karibu, nenda hadi namba mbili za kwanza zilingane, andika kimo tena. Rudia mahali 10: vilele 5 na mabonde 5. Utakuta juu pakiinuka, chini panazama, na bonde la juu ni mwinuko huko chini. Usichague sehemu iliyo chini ya ziwa au mto, maana Vilindini hapo pamezibwa na ukuta wa mwamba na hutapita. Ukuta huo wenyewe uandike, kwa kuwa unakupa umbo la ziwa. Usipime ndani ya pango pia, kimo chake si cha ardhi. Ukimaliza utakuwa na jedwali la safu 10 la ramani mbili ambazo unajua kwa hakika zina uhusiano, na unajua uhusiano wenyewe ni wa kugeuzwa. Liweke kando ya jedwali lako la Ocarina of Time na Twilight Princess, ulinganishe ni lipi lina makosa madogo.